Nilijitolea wiki tatu kuchimba mitaro Kilolo, chemchemi iliyokuwa inakauka sasa haikauki. Ni jasho letu au ni mvua?

#1 MwanaKihesa
Habari wakuu. Uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie, kuna jambo limenikaa kichwani tangu mwaka jana na nataka hasa watu wa nyanda za juu kusini mnisaidie.

Julai 2023 nilikuwa nimemaliza chuo, kazi hamna, niko nyumbani Kihesa, Iringa, natuma maombi tu. Rafiki akaniambia kuna jamii ya watu upande wa Kilolo, kama kumi na nne hivi wanaishi pamoja, nyumba za tofali za udongo, choo cha mboji, mbolea ya dukani hawagusi, wanasema kazi yao ni kuirudishia ardhi uhai. Wanapokea watu wa kujitolea kwa muda mfupi. Unafanya kazi masaa matano kwa siku, siku tano kwa wiki, unapewa kitanda, unachangia elfu tano kwa siku ya jikoni. Nikaenda wiki tatu. Baba alinuna mpaka siku naondoka, anasema nimekusomesha ukalime bure kwa watu?

Kazi tuliyokuta ni kuchimba mitaro ya kuzuia maji ya mvua kwenye mteremko. Tulikuwa tisa. Kipimo chetu ni miti mitatu imefungwa kama herufi A, juu inaning'inia kamba yenye jiwe. Unaisimamisha, unaangalia kamba imegusa wapi ule mti wa kati, unachora kwa kisu. Halafu unaigeuza miguu ibadilishane nafasi, unachora alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndo leveli. Basi unatembea nayo mteremko mzima, mguu mmoja baada ya mwingine, kamba ikitulia pale katikati unapigilia kigingi. Siku ya kwanza sikuamini kitu cha hivyo kinaweza kupima, siku ya tatu nilikuwa nabishana na watu wenye simu zenye kipimo.

Sasa chini ya ule mteremko kuna chemchemi. Wenyeji walituambia ni miaka inakata kila ikifika Agosti, akina mama wanashuka mpaka mtoni, kwenda na kurudi saa nzima na ndoo kichwani. Agosti 2023 tunaondoka tuliiacha ni tope na nyayo za ng'ombe. Oktoba 2024 nikaenda kuwasalimia, nikakuta maji yanatoka! Nilipiga magoti nikayanywa. Mwaka huu nimetoka huko juzi, Agosti inaisha, bado yanatoka.

Swali: ni ile mitaro au kuna kingine? Kuna kundi lingine linapokelewa Oktoba na mimi ndo nashawishi vijana waende, sitaki niwaambie kitu ambacho si kweli.

#2 Kipupwe_Makete
Kamwene. Nakaa hapa hapa, uzi kama huu ndo tunautaka.

#3 Mwana wa Uyole
Mi nianze na pesa kabla ya chemchemi. Elfu tano mara siku 21 ni 105,000. Yani umechimba mtaro wa mtu siku 15 na ukamlipa laki na elfu tano juu? Kibarua wa mtaro hapa Uyole analipwa kwa mita na chakula anapewa. Nisameheni ila hapo naona mtu amepata vibarua tisa wa bure, na ardhi inabaki yake.

#4 DadaMafinga
Nakazia #3 kwa sehemu. Mi 2022 nilienda sehemu moja sitaitaja, nilitanguliza hela ya mwezi kwa simu, kufika hamna mafunzo hamna ratiba, tunapika na kufua nguo za wenye nyumba. Siku ya nane nikaondoka na hela sikurudishiwa. Kwa hiyo mabinti mnaosoma hapa, kabla hujaenda uliza mambo haya: nalala wapi na mlango unafungwa kwa ndani? Masaa ya kazi yameandikwa? Naweza kuongea na mtu aliyekaa hapo mwaka jana? Wakikwepa kukupa namba ya mtu, kaa nyumbani. Na usilipe mbele, lipa ukifika ukaona.

#5 MwanaKihesa
Dada #4 pole sana na asante, hiyo ya kuongea na aliyekaa kabla yako ndo niliyofanya mimi.

Mkuu #3 sikatai hesabu yako. Ila ngoja nikwambie siku ilivyokuwa. Saa kumi na mbili na nusu chai ya mchaichai na viazi, saa moja tupo mtaroni mpaka saa sita, baada ya chakula yupo mama mmoja mwenyeji anafundisha mboji, tabaka la majani makavu, la majani mabichi, la samadi, unaingiza fimbo katikati, kesho yake ukichomoa ukashika ni moto kama umeitoa jikoni. Fimbo ikiwa baridi ujue lundo limekauka au limekosa hewa, unapindua. Chuoni nimekaa miaka mitatu sijawahi kushika kitu nikajua kimefanya kazi au hakijafanya. Jioni tunakaa duara kila mtu anasema kilichomkera. Hiyo elfu tano ilikuwa imebandikwa ukutani jikoni, maharage kiasi gani, mafuta kiasi gani.

#6 Mzururaji
Huu mfumo si mgeni duniani. Ulianza Australia miaka ya sabini, unaitwa WWOOF, unafanya kazi masaa machache shambani kwa mtu unapewa chakula na malazi, hamna hela inayopita mkononi. Nyumba za hivi zipo mpaka Uskoti, India, kote.

#7 Mwalimu wa Jiografia
Mkuu #6 umechanganya mawili. WWOOF ilianza Uingereza 1971, aliianzisha mama anaitwa Sue Coppard, mwanzoni ilikuwa wikiendi tu, watu wa London wanaenda kushika udongo Jumapili wanarudi kazini. Cha Australia ni pamakacha (permaculture), yani kilimo cha kuiga mazingira ya asili, Bill Mollison na David Holmgren, 1978. Huko ndiko mambo ya mitaro ya kontua, inayofuata leveli ya mteremko kama yenu, yaliposambazwa sana. Na hizo jamii za Uskoti na India unazosema nadhani ni Findhorn, 1962, na Auroville, 1968. Ila #6 umesema jambo la msingi, kwenye mpango ule hela haitakiwi kupita. Hawa wa Kilolo wanachukua elfu tano, kwa hiyo ni kitu tofauti na #3 ana haki ya kuuliza.

#8 Mngoni wa Mbinga
Mnatuletea Australia wakati ngoro ipo Mbinga zaidi ya miaka 100! Wamatengo wanafyeka nyasi, wanazilaza chini kwa mistari inayokatana mpaka inatoka miraba, halafu wanachimba udongo wa katikati ya mraba wanafunika zile nyasi. Yanabaki mashimo mlima mzima kama sega la nyuki, unapanda maharage kwenye matuta, mvua ikija kila shimo linakamata ya kwake, nyasi zinaozea chini zinakuwa mbolea. Milima imesimama wima na udongo haujaondoka. Bibi yangu hajawahi kulipa mtu elfu tano kujifunza hilo, wala hajawahi kuitwa mtaalamu.

#9 Kipupwe_Makete
#8 jina linasema Mngoni unaisifia ngoro ya Wamatengo, leo umekuwa mtu wa haki sana 😀

#10 Mngoni wa Mbinga
#9 mama ni Mmatengo, niachie nijivunie pande zote.

#11 Fundi Bomba
Nije kwenye chemchemi maana ndo swali lenyewe. Mi nimefanya kazi za maji vijijini miaka kumi na mbili. MwanaKihesa nipe vitu viwili: mitaro yote jumla mita ngapi, upana na kina, na chemchemi inajaza ndoo ya lita 20 kwa muda gani. Bila hivyo tunabishana kwa hisia.

#12 MwanaKihesa
Mitaro yote mita 400, upana sentimita 60, kina 50. Ndoo ya lita 20 Oktoba 2024 nilipima kwa simu, dakika nne.

#13 Fundi Bomba
Safi sana. Mitaro ikijaa mara moja inashika mita za ujazo 120, yani lita 120,000. Chemchemi lita 5 kwa dakika, siku nzima 7,200, mwaka mzima ni kama lita milioni 2.6. Kwa hiyo mitaro ikijaa na kunywea mara 22 kwa msimu inafikisha hiyo. Mara 22 kwa msimu mmoja wa Kilolo inawezekana kabisa. ILA hapo umechukulia kwamba kila tone lililozama linatokea kwenye chemchemi yenu, na haiko hivyo, mengine yananyonywa na mizizi, mengine yanapita chini yanatokea bonde lingine kabisa. Na halafu mvua: milimita moja ikinyesha kwenye hekta moja ni lita 10,000. Msimu wa 2023/24 ulikuwa wa El Niño, mvua ilishuka nchi nzima mpaka watu wakakimbia nyumba. Mi naipa mvua.

#14 MwanaKihesa
Mkuu hesabu imenyooka nakushukuru. Lakini El Niño si ilishapita? Mbona leo Agosti 2025 maji yapo?

#15 Fundi Bomba
Maji ya chini yanatembea taratibu. Mvua kubwa ya mwaka juzi unaweza ukaiona leo. Subiri miaka miwili mitatu ya mvua ya kawaida ndo uniulize tena.

#16 Mtoto wa Mbao
Mnaongea mvua na mitaro hamna aliyeuliza juu ya huo mlima kulikuwa na nini. MwanaKihesa, kulikuwa na mikaratusi?

#17 MwanaKihesa
Ndiyo, shamba la jirani, juu kabisa. Alivuna mwishoni mwa 2023 akauza nguzo.

#18 Mtoto wa Mbao
Basi hapo ndo penyewe! Mikaratusi iliyokomaa kichwani mwa chemchemi ni sawa na mirija, inakunywa masika na kiangazi. Ameikata, ardhi imepumua, maji yameshuka. Mi niko Mufindi nalima miti naijua, nasomesha watoto kwa hiyo hiyo mikaratusi kwa hiyo siichukii. Ila angalia kitu kimoja, visiki vinachipua. Kama hajaving'oa, miaka mitatu minne mbele itakuwa imesimama tena na chemchemi inaweza ikakata, na hapo mtaanza kusema mitaro imeziba.

#19 DadaMafinga
Kaka #18 nakuunga mkono, kwetu bonde letu lilikauka tukiwa tunaona, miti ilipandwa mpaka mdomoni mwa maji. Sheria si inasema mita 30 kutoka chanzo cha maji usilime?

#20 Mwalimu wa Jiografia
Mita 60 dada, ipo kwenye sheria ya mazingira ya 2004.

#21 Mama Vinyungu
Hodi jamani. Mimi ni mwenyeji wa Kilolo ingawa si kijiji hicho. Mnaongea mita 60 kirahisi, hamjui imetuuma kiasi gani. Vinyungu ndo vilivyosomesha watu huku. Kiangazi ukishavuna mahindi unashuka bondeni, pale penye unyevu unalima mboga, maharage mabichi na mahindi ya kuchoma unauza Disemba wenzio hawana. Tukaambiwa tutoke. Wengine walitoka wengine walirudi usiku usiku. Sasa mwanangu nikuulize, hapo kwenye hiyo chemchemi vinyungu vipo au watu walitolewa? Maana mtu akichimba mifereji ya kukausha bonde ili alime, maji yanashuka yote kwa haraka, kiangazi hamna. Wakitoka watu na mifereji ikajiziba yenyewe, bonde linarudi kuwa sponji. Nimeliona kwa macho kwa shangazi yangu, miaka miwili tu, na hamna mtu aliyechimba mtaro wowote huko juu.

#22 MwanaKihesa
Shikamoo mama. Walitolewa, ndiyo, ila sijui mwaka gani, sikuuliza. Najilaumu hapo, wiki tatu nimekaa nikiongea na wanajamii tu, mtu wa kijijini niliongea nae siku moja kwenye gulio.

#23 Mama Vinyungu
Marahaba mwanangu. Basi ukirudi anza na hao waliotolewa. Wao ndo wamelipa gharama ya hayo maji kama ni kweli, sio wewe na jembe lako la wiki tatu.

#24 Mzee wa Isimani
Nimesoma kuanzia mwanzo. Watoto wangu, haya ya kuishi pamoja na kulima pamoja sisi tumeyaona. Kule Songea pale Litowa vijana walianza wenyewe mwanzoni mwa miaka ya sitini, walilima pamoja, wana shule yao, Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwapenda, na bado chama chao kilivunjwa 1969. Huku kwetu Isimani vijiji vya ujamaa vikaja kwa amri, na mnajua Krismasi ya 1971 ilivyokuwa, mkuu wa mkoa Dk. Kleruu aliuawa shambani. Ninachotaka kuwauliza hawa wa Kilolo si mitaro. Nataka kujua shamba limeandikwa jina la nani, na siku mmoja akitaka kuondoka anaondoka na nini. Litowa mtu aliingia kwa hiari yake na alikuwa na sauti mkutanoni. Ukikosa hayo mawili, hata maji yakitoka mengi namna gani, watu watatawanyika.

#25 Mwana wa Uyole
Shikamoo mzee wangu. Hilo ndo nililokuwa nalitafuta kule #3 nikakosa maneno.

#26 MwanaKihesa
Shikamoo mzee. Ardhi ni ya mkataba wa kijiji, na walituonyesha muhtasari wa mkutano wa kijiji. Ya mtu akiondoka anapata nini sijui. Nitauliza.

#27 Mwana Itezi
Samahani kwa kuingia na tahadhari. Mi nakaa Mbeya, Aprili 2024 mlima uliporomoka Itezi tope likafunika nyumba na shule, nilikuwepo, sitaisahau ile sauti. Unapochimba mitaro ya kuzamisha maji kwenye mteremko mkali wenye udongo wa majivu ya volkano unaweza ukawa unaujaza mlima maji mpaka unateleza. Kilolo udongo ni mwingine najua, ila ninyi mnaoshawishi vijana wakachimbe popote, tafadhali muulizeni mtaalamu kwanza. Mteremko mkali unataka majani yenye mizizi, vetiva, nyasi za guatemala, na miti, sio mtaro wa kutega maji. Wale vijana wa wiki tatu wakishaondoka anayelala chini ya ule mlima ni mwenyeji.

#28 Fundi Bomba
#27 pole kwa yaliyowapata, na umesema kweli tupu. Hata penye mteremko wa kawaida acha njia ya maji kuzidi, upande mmoja wa mtaro ushuke kidogo kuelekea penye majani, la sivyo mvua moja kubwa inapasua tuta na inaondoka na shamba.

#29 Mjukuu wa Chifu
Hamna aliyeuliza kama wazee walienda kutambika. Kwetu chemchemi ikikata wazee wanakaa, wanatafuta nani amekosea, anachinjwa kondoo mweusi. Siku hizi mnaona aibu kuyasema ila yanafanyika.

#30 Mwalimu wa Jiografia
Siyadharau, maana msitu wa tambiko huwa haukatwi, na penye msitu usiokatwa maji hudumu. Inawezekana mzee na mtaalamu wanalinda mti ule ule.

#31 MwanaKihesa
#29 walitambika, Novemba 2023. Niliambiwa na yule mama wa mboji, mwenyewe alichanga.

#32 Mtoto wa Mbao
Eeh, kwa hiyo mwaka mmoja: mitaro, El Niño, mikaratusi imekatwa, tambiko, na vinyungu vimetolewa ingawa mwaka hatuujui. Mngemuuliza na mwenye bomba la kijiji kama halivuji huko juu.

#33 Kipupwe_Makete
Na ulanzi, pombe ya mianzi, je? Hamna mianzi hapo bondeni? MwanaKihesa sema ukweli ulifuata ulanzi.

#34 MwanaKihesa
Mianzi ipo ila nilienda Julai, ulanzi ni wa masika mkuu, nilikunywa chai ya mchaichai wiki tatu.

#35 Binti Rungwe
Ugonile wote. Mi nataka kwenda Oktoba kweli kweli, nipo Tukuyu. Nina rafiki Mjerumani naye anataka. Baridi ikoje, na yeye anaruhusiwa?

#36 DadaMafinga
Oktoba joto linaanza, usiku beba sweta tu. Rafiki yako asije na viza ya utalii akashika jembe, watu wa kujitolea wana kibali chao cha ukaazi, daraja C, aulize Uhamiaji kwanza aambiwe cha kufanya kwa muda wake. Na wewe mdogo wangu soma #4 mara mbili.

#37 Binti Rungwe
Ndaga fijo dada. Nimesoma. Nimeomba namba za wawili waliokaa.

#38 Mwana wa Uyole
MwanaKihesa nikuulize la mwisho na sikuulizi kwa ubaya. Tuseme ikathibitika ni mvua, na ile mitaro haikufanya kitu. Wiki zako tatu utazionaje?

#39 MwanaKihesa
Nimekaa na hilo swali tangu asubuhi mkuu. Nitaumia, sitakuficha. Nilitaka sana iwe sisi. Lakini nyumbani nimechimba mtaro mmoja nyuma ya jiko, mita kumi na mbili, nimepima na zile fimbo tatu, na baba alikuja kusimama akaniuliza mbona jiwe linacheza, nikamwambia subiri litulie. Akashika mguu mmoja wa fremu tukamalizia wote mpaka giza.

Nakubali kwenda na ushauri wenu. Nimeongea na yule mama wa mboji kwa simu, kuanzia Jumatatu atapima ndoo kila wiki na kuandika kwenye daftari, na mvua wataweka chombo cha kupimia. Oktoba nikienda nitaanza kwa waliotolewa vinyungu, halafu nitapanda juu nihesabu visiki vilivyochipua.

#40 Fundi Bomba
Apime saa ile ile kila mara, asubuhi kabla watu hawajachota. Na aandike hata siku ambayo hamna kilichobadilika.

#41 Mama Vinyungu
Mwanangu ukifika kwa hao wa vinyungu usiende mikono mitupu, beba sukari. Na usianze na maswali, washike jembe nao kwanza, Oktoba wanaandaa mashamba.

#42 MwanaKihesa
Sawa mama. Nimepima mwenyewe juzi kabla ya kuondoka, nilisahau kuandika: dakika nne na sekunde hamsini.

#43 Mtoto wa Mbao
Imepungua basi.

#44 Fundi Bomba
Ile ya kwanza ilikuwa Oktoba, hii ni Agosti. Na kama Agosti tu ishapungua, Oktoba ndo tutaona. Usifunge uzi.